Mkate wa Mwisho wa Lami

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, vyote asubuhi moja kama vilivyopatana. Nimeingia ofisi ya walimu viatu vikilia maji. Wameniuliza habari za likizo, nikasema nzuri. Wameniuliza habari za kaka, nikasema amesafiri.

Ndivyo tulivyokubaliana nyumbani, mama, wifi na mimi. Wifi ndiye aliyelitoa neno hilo. Alilisema huku akifuta kaunta ya duka, bila kuinua macho: "Tutasema amesafiri." Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu.

Ukweli nauandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniuliza. Kaka yangu, ambaye mtaa mzima umekula mkate wake tangu baba alipomwachia tanuri, yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Hospitali ina jina lake zuri, limeandikwa getini kwa herufi kubwa, lakini sijapata kumsikia mtu akilitaja. Barabara ya lami inatoka mjini, inapita sokoni, inapita mbele ya shule yetu, kisha inakatika pale pale getini. Basi watu wanapaita Mwisho wa Lami. Mtu akichanganyikiwa, amefika mwisho wa lami. Mwanafunzi akirukaruka darasani, mwenzake anamwambia wewe ni wa mwisho wa lami, na darasa zima linacheka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mama amekaa dirishani tangu asubuhi. Ameniuliza, "Huko nako kunanyesha?" Nimemjibu ni mwendo mfupi tu, mama, kwa nini kusinyeshe. Jibu langu hakulipenda.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu mkuu ana mapenzi na maneno ya Kiingereza ambayo hayatumii mtu mwingine. Leo kwenye mkutano wa asubuhi amewasimamisha kidato cha tatu, darasa langu, akasema amepita nje ya dirisha lao jana na alichokikuta ni "bedlam". Akalirudia mara mbili, kwa raha, kama mtu anayeonja pipi.

Kipindi cha kwanza, msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Huyu haulizi mpaka awe amekwisha kufikiri.

"Mwalimu, bedlam ni nini?"

"Vurugumechi," nikasema. "Kelele, fujo, kila mtu na lake."

"Na limetoka wapi?"

Nikamwambia nitatazama. Saa ya mapumziko nimekwenda maktaba kufungua kamusi kubwa, ile ambayo jalada lake limeshikiliwa na gundi na huruma ya mkutubi. Nilidhani nitasoma mstari mmoja nifunge.

Neno limetokana na jina la mahali. Zamani sana, nje ya ukuta wa jiji la London, kulikuwa na nyumba ya watawa iliyoitwa kwa jina la Bethlehemu. Baadaye ikawa hospitali, na hospitali ikaanza kupokea watu waliochanganyikiwa. Waingereza wakalitafuna lile jina vinywani mwao, Bethlehem, Bethlem, Bedlam, mpaka likabaki hivyo. Kisha likatoka getini, likazurura mitaani, na mwisho likawa fujo yoyote, ya sokoni, ya bungeni, ya kidato cha tatu.

Nimeifunga kamusi. Msichana sijamjibu. Kesho nitamwambia nimesahau kutazama.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kumwona kwa mara ya kwanza. Nilijiandaa kwa kelele, nikavaa hata moyo wa kuzibia masikio. Geti likafunguliwa, na hakukuwa na kelele. Ua umefagiliwa. Wanaume wawili wamekaa barazani wanatazama mvua. Mwanamke anashona kifungo, anafumua, anashona tena. Mahali penye fujo katika mji huu ni shuleni kwetu, nami ndiye ninayelipwa kuituliza.

Kaka alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, viganja juu. Amepungua. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia mama anakusalimu. Akaitikia. Nikamwambia duka lipo, wifi anaoka. Akageuza uso ukutani. Muda uliobaki tulikaa tu, mimi nikitazama kisogo chake. Kisogo cha baba, kile kile.

Namna alivyochukuliwa siwezi kuiacha bila kuiandika. Alianza kwa kutolala. Akawa anaoka zaidi ya kinachouzwa, mikate inapangwa dukani, inapangwa sebuleni, inapangwa kitandani kwa mama. Akaanza kuigawa barabarani. Watu wakapokea, wakacheka, wakarudi kupokea tena. Kisha asubuhi moja akajifungia stoo ya unga, akawa analia kwamba kinyunga, ule unga uliokandwa, kinapumua na yeye ndiye anayekiua. Gari lilipofika, mtaa ulikuwa umejaa. Walisimama kutoka mlango wetu mpaka kona. Wengine waliinua simu. Baba mmoja alimbeba mwanawe begani ili aone vizuri. Kaka akapitishwa katikati yao, mweupe kwa unga tangu nywele mpaka miguu, na mmoja akapiga mluzi.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mteja wetu wa kwanza kila siku ya Mungu, alishusha mlango wa duka lake kwa kishindo. Nilimwona. Nikasema moyoni, na wewe pia unatufungia mlango.

Jumanne, 12 Machi

Insha arobaini. Nusu zimeanza kwa "Hapo zamani". Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mkate wa wifi hauna kosa la kuonyesha kidole. Umeiva, umeumuka, umekaa sawa. Lakini ni mkate tu. Wa kaka una ganda linalolia ukilibonyeza na una chumvi iliyozidi ya wengine kidogo. Juu anauchanja kwa wembe mistari mitatu, wa katikati mrefu. Baba alichanja hivyo.

Kwa sababu ya chumvi hiyo fundi viatu amegombana na kaka kila asubuhi kwa miaka. Anachukua mkate, anamega pale pale kaunta, anatafuna. "Chumvi imezidi." Kaka kutoka tanurini: "Haijazidi!" Anaondoka nao. Ilikuwa ndiyo saa yetu ya kuamkia.

Sasa anakuja, anachukua mkate, haumegi, hasemi kitu. Anamwita wifi "mama" kwa sauti ya msibani. Namchukia kwa adabu yake hiyo.

Wifi naye simwelewi. Hajalia hata mara moja. Anaamka, anakanda, anauza, anafunga. Huko Mwisho wa Lami sijamsikia akisema atakwenda. Mama akiuliza kama huko kunanyesha, wifi anatoka chumbani.

Jumatatu, 18 Machi

Msichana wa nyuma amenikumbusha. "Mwalimu, ulitazama?" Nimemwambia bado. Amenitazama kwa heshima, jambo baya zaidi ambalo mwanafunzi anaweza kumfanyia mwalimu mwongo.

Nimerudi maktaba. Kuna kitabu cha historia kinachosema zaidi. Kwa muda mrefu watu wa London walikuwa wakienda kule hospitali kutazama wagonjwa. Si ndugu. Watu tu. Siku za mapumziko wanavaa vizuri, wanaingia, wanapita kitanda kwa kitanda, wanacheka, wanawachokoza ili waone watafanya nini.

Nilisoma mara mbili, nikamwona yule mtoto begani kwa baba yake. Kwa hiyo pengine fujo haikuwa ya wagonjwa. Pengine waliokwenda kutazama ndio walioibeba, wakaiacha mle ndani, na jina likaandikwa kwa wenye nyumba.

Jumatano, 20 Machi

Wifi amekwenda kununua unga. Amerudi jioni, amelowa, bila unga. Amesema duka lilikuwa limefungwa. Sikumuuliza duka gani hilo la unga linalofungwa Jumatano mchana. Nimepandisha mabega, nikamwacha.

Jumamosi, 23 Machi

Leo kaka amezungumza. Nilimkuta hayupo kitandani. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, akanipeleka nyuma ya wodi. Kumbe wana tanuri. La matofali, la zamani, lina ufa ubavuni. Wagonjwa wanaopata nafuu wanaiokea hospitali nzima mikate, na inayozidi wanaiuza nje.

Kaka alikuwa anakanda. Polepole, kama anayejifunza. Akaniona.

"Tanuri lao linavuta moshi ndani," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu achukuliwe. Nimeyabeba mpaka nyumbani kama yai.

Nje ya geti nimekuta magreda mawili na mlima wa kokoto. Wanasogeza lami mbele, kuelekea vijiji vya nyuma. Mlinzi akasema mvua ikiwaruhusu, kabla ya muhula kwisha itakuwa imeshapita hospitali. Nikamuuliza, "Sasa hapa mtapaitaje?" Akashangaa. "Si Mwisho wa Lami?"

Jumatano, 27 Machi

Chai ya saa nne imekuja na mkate mpya. Mhasibu amepata muuzaji wa bei nafuu, gari jeupe lisilo na maandishi. Mwalimu wa hesabu, tunayemwita Desimali kwa sababu ya ufupi wake na makini yake, alikata kipande, akatafuna, akafumba macho. "Jamani. Huu mkate mmeuona?"

Mimi nilikuwa nimeuona. Ulikuwa mezani umelala, na juu yake mistari mitatu, wa katikati mrefu.

Nilimega, nikaonja: chumvi ile ile. Walimu waliendelea kusifu. Desimali akataka cha tatu. Mwalimu mkuu akamwambia utapasuka, upelekwe mwisho wa lami bure. Wakacheka wote, midomo imejaa mkate wa kaka yangu.

Nimefunga kipande kwenye leso, nimempelekea mama. Sikumwambia kitu. Mama hana meno mengi, alikiloweka kwenye chai, akakizungusha mdomoni muda mrefu.

"Mikono yake imerudi," akasema. Kisha akalia, na mimi nikalia. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka akaenda zake.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua ya mawe. Bati la stoo limetoboka.

Jumanne, 16 Aprili

Ofisini kulikuwa na ubishi wa Desimali na mwalimu wa dini kuhusu majina ya wanafunzi, nani anajua maana ya jina lake. Nikaona nafasi, nikauliza kama mtu asiye na shida: "Na Bethlehemu ina maana gani?"

"Nyumba ya mkate," mwalimu wa dini akasema, bila kuinua kichwa kwenye madaftari. "Kwa Kiebrania. Bet ni nyumba, lehemu ni mkate."

Nilitoka nje, nikasimama chini ya mchirizi wa paa kama kichaa. Naliandika neno hilo makusudi. Nyumba ya mkate. Watu wakaichukua nyumba ya mkate, wakaipitisha vinywani karne kwa karne, wakaitema ikiwa fujo. Hakuna aliyekaa chini akapanga kuwatukana wagonjwa. Kila mmoja alilamba kidogo, akampa mwenzake.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemweleza kaka yote, kuanzia watawa mpaka mkate. Alikuwa anapanga mikate kwenye trei. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza akauliza:

"Wa huko ulikuwa na chumvi?"

Nimecheka mpaka muuguzi akachungulia. Hata kaka midomo ilimcheza.

Nikamwambia na wale waliokuwa wakienda kutazama. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nakumbuka nyuso zote za siku ile," akasema. "Mnadhani mtu akiwa vile haoni. Niliona wote. Aliyekosekana ni fundi viatu peke yake."

"Yule alitufungia mlango kwa kishindo."

"Ndiyo. Alifunga ili asinitazame. Alifunga akabaki ndani gizani mpaka gari likaondoka. Nilikuwa nasikia anakohoa mle ndani."

Njiani sikufungua mwavuli. Nilikuwa nimemchukia mtu wa watu muhula mzima kwa jambo ambalo ningepaswa kwenda kumshukuru.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikupanga. Niliingia darasani na somo la vitenzi. Nyuma, vijana wawili walikuwa wakisukumana, mmoja akasema, "Kaa chini, wa mwisho wa lami wewe." Darasa likacheka, isipokuwa msichana wa nyuma. Nikafuta vitenzi ubaoni, nikaandika BEDLAM.

Nikawasimulia. Nyumba ya watawa, hospitali, jina lililotafunwa. Nikawasimulia kwamba hospitali ile ilihamishwa zaidi ya mara moja, lakini neno halikuhama nayo, lilibaki mdomoni likiwa limesahau lilipotoka. Nikawasimulia watazamaji.

"Walikuwa watu gani hao?" akauliza yule aliyesukumana.

"Watu wa kawaida. Walikuwa na kazi zao na watoto wao. Wengine waliwabeba watoto begani."

Msichana wa nyuma akanyoosha mkono, akaushusha, akaunyoosha tena.

"Mwalimu, barabara ikishapita hospitali, sisi tutaendelea kusema mwisho wa lami?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona tutaendelea. Watoto wetu watasema, na hawatajua kama kulikuwa na barabara."

Hapo ndipo nilipolitoa. Nikasema kaka yangu hakusafiri. Yuko pale, anaoka, na mkate ambao walimu wao wanaugombania saa nne ni wake.

Alhamisi, 2 Mei

Darasa lina vinywa arobaini na kila kinywa kina nyumba. Habari imeenea. Ofisini, mkate wa saa nne umebaki mezani karibu wote. Desimali alikishika kipande, akakitazama pande zote, akasema leo tumbo halimkai sawa. Mwalimu wa dini peke yake alikula, viwili, akitafuna taratibu huku akimtazama.

Dukani ni vilevile. Jana na leo wifi ameuza nusu. Mwanamke mmoja alirudisha mkate, akasema ameambiwa watoto wasiule, na mkate wenyewe si wa kaka hata kidogo, ni wa wifi.

Wifi alinisubiri jikoni.

"Umetusemea."

"Nimesema ukweli."

"Ukweli wako wa darasani. Mimi ndiye ninayesimama kaunta."

"Angalau mimi nakwenda kumwona," nikamwambia. "Wewe mumeo hata mguu hujatia huko."

Alikaa kwenye gunia la unga. Sijapata kumwona amekaa mchana.

"Nakwenda kila Jumatano," akasema. "Alikataa kuniona. Mimi mkewe. Alimwambia muuguzi ananionea haya mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Basi nikawa nakaa kwenye benchi nje ya tanuri, ukutani, namsikia anakanda. Saa ya kufunga ikifika naondoka. Wiki iliyopita ndiyo akatoka, akakaa nami. Hatukusema kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie mume wangu amenikataa? Wewe? Na huo mdomo wako?"

Nilikaa kwenye gunia la pili. Baadaye alilia, kwa mara ya kwanza, bila sauti, huku akikung'uta unga kwenye sketi kana kwamba ndio uliomliza. Nilimshika mkono. Mkono wa wifi ni mgumu kama wa kaka. Sikuwa najua.

Jumamosi, 4 Mei

Tumekwenda pamoja, wifi na mimi. Daktari amesema kaka anaweza kutoka wiki ijayo. Dawa ataendelea nazo, na ataonwa kila mwezi. Kisha akasema, "Mtu huyu kazi yake ndiyo miguu yake. Akirudi akakuta hana kazi, sitaki kuahidi kitu."

Kaka alikuwa ameshajua habari za dukani. Habari zinapita hata kwenye geti.

"Nitaoka," akasema. "Lakini msiseme nimerudi. Nitakaa nyuma, mlango umefungwa. Wifi yako atauza kama anavyouza siku zote. Trei moja tu. Mkate ukiisha, mniambie. Usipoisha, mnirudishe huku. Hapa wanaula."

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Nasema. Siwezi kukaa nyumbani niwe mtu wa kufichwa na mkate wa kurudishwa."

Wifi akamtazama. "Trei moja," akasema. "Sawa."

Lami imefika upande wa pili wa geti. Nyeusi, inatoa mvuke mvua ikiipiga. Mlinzi ameniambia akiwa na fahari: "Umeona? Sasa mnaweza kuja Mwisho wa Lami hadi mlangoni bila tope."

Ijumaa, 10 Mei

Kaka yuko nyumbani. Mama amemshika uso kwa mikono miwili, akamuuliza huko kulinyesha. Akasema, "Kulinyesha sana, mama." Mama akaridhika. Miezi yote hii lilikuwa swali linalotaka jibu tu, nami nilikuwa nikilijibu kwa ujuaji.

Jumapili, 12 Mei

Ametazama tanuri, amelipapasa. Ameomba wembe. Wifi alisita kidogo sana, kisha akampa. Mimi niliona, na kaka aliona.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika ofisini, nimechelewa, mwalimu mkuu ameniona akatazama saa, na sijali.

Asubuhi mlango wa nyuma ulifungwa kama alivyotaka. Trei ikaletwa mbele, mikate imejipanga, kila mmoja na mistari yake mitatu. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni kama niliyekuja kufunga kamba za viatu, na nilizifunga mara nyingi.

Watu walikuwepo. Walisimama ng'ambo, chini ya paa la fundi viatu, watano, sita, wamejikunyata. Wengine ni wale wale wa siku ile. Hawakuja na hawakuondoka. Ni kama walikuwa wakingoja mtu mwingine aamue. Wifi alisimama kaunta amenyooka, mikono juu ya mbao. Nyuma ya mlango sikusikia kitu, hata kikohozi.

Fundi viatu akafungua duka lake. Akawapita wale watu, akavuka barabara bila kukimbia mvua. Akaweka pesa. Wifi akampa mkate. Alikuwa ameshageuka kuondoka, kama alivyozoea siku hizi. Kisha nadhani kidole chake kilibonyeza ganda, na ganda likalia.

Akarudi kaunta. Akautazama juu, ile mistari. Akamega, akatafuna. Akatafuna mpaka nikadhani hatameza.

"Amerudi," akasema.

Hakuwa akiuliza, lakini ilitaka jibu. Ng'ambo, wote walikuwa wamegeuza vichwa. Nilijua tulichoahidi. Nilimtazama wifi, mwanamke aliyetupa neno "amesafiri" bila kuinua macho. Safari hii aliyainua.

"Amerudi," akasema wifi, kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Ijumaa. Ametoka hospitali. Mkate huu kaoka yeye, kwa mikono yake."

Fundi viatu alimeza. Akafuta makombo kwenye ndevu, akainamia kaunta kuelekea ule mlango uliofungwa, uso umekunjamana kwa hasira zake zile za zamani.

"Basi mwambie," akasema, "chumvi imezidi."

Nilihesabu pumzi zangu. Kisha kutoka nyuma ya mlango, sauti nzito, yenye kutu, lakini ni yeye:

"Haijazidi!"

"Imezidi!" fundi viatu akapiga kelele, na sauti ikamkatikia katikati, akalazimika kujifanya anakohoa. "Nipe na mwingine," akamwambia wifi. "Nikathibitishe."

Wa kwanza kuvuka alikuwa mwanamke aliyerudisha mkate wiki mbili zilizopita. Hakumtazama wifi machoni, na wifi hakumlazimisha. Wakafuata wengine. Yule baba wa mtoto begani alikuja wa mwisho. Alimshika mwanawe mkono, akitembea naye chini. Alisimama mbele ya trei kama aliyesahau alichotumwa, kisha akaonyesha mkate uliobaki, mmoja tu, wa pembeni, ulioungua kidogo.

Wifi akamfungia kwenye karatasi, akampa mtoto aubebe. Akaikung'uta trei. Akafungua mlango wa nyuma, ule ambao tuliapa utabaki umefungwa, akauacha wazi kwa kila mtu.

"Umeisha," akamwambia kaka.